Mmoja kazaliwa Texas, mwingine Minnesota, katiba ni hiyo hiyo moja

Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani iseme Desemba 5, 2025 kwamba itaisikiliza kesi ya uraia wa kuzaliwa, yaani mtoto kuwa raia kwa sababu tu kazaliwa Marekani, magrupu ya WhatsApp ya watu wetu huku Marekani hayajatulia, na ukisoma unaona wengi wanachojua ni kwamba Trump alitaka kuwanyima watoto uraia, majaji wakakataa, basi. Ni kweli lakini ni nusu. Hiyo nusu nyingine, uamuzi wa mwezi Juni 2025, ndio inaniuma mimi, manake pale mahakama haikusema chochote kuhusu haki ya mtoto na bado ikaiacha haki yenyewe inaning'inia.

Kwanza amri yenyewe. Trump aliisaini siku ile ile aliyoapishwa, Januari 20, 2025. Inasema mtoto atakayezaliwa Marekani kuanzia siku 30 baadaye asitambuliwe kama raia ikiwa mama yake hana karatasi, au yuko kihalali lakini kwa muda tu, na baba naye si raia wala hana grini kadi, kile kibali cha kuishi kudumu. Watu wanadhani hii ni ya wale waliovuka mpaka wa Mexico peke yake. Sio hivyo jamani, hapo kwenye "kwa muda tu" tumo sisi, mwanafunzi wa viza ya masomo yumo, mtu wa kompyuta aliyeletwa na kampuni kwa viza ya kazi yumo, hata kama amekaa miaka na analipa kodi kila mwezi.

Sasa katiba inasemaje? Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, yanasema aliyezaliwa Marekani na yuko chini ya mamlaka yake ni raia. Yaliandikwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuuzika ule uamuzi wa Dred Scott wa 1857, pale mahakama hiyo hiyo ilisema mtu mweusi hawezi kuwa raia, awe mtumwa awe huru. Yaani haki hii mzizi wake ni watu weusi, na inanisikitisha nikiona Mwafrika anaizungumzia kama vile ni zawadi waliyopewa wageni.

Serikali imeshikilia yale maneno "chini ya mamlaka yake", inasema mtu wa muda hayuko chini ya mamlaka kikamilifu. Haya, mwanafunzi kutoka Nairobi akikimbiza gari kule Dallas, polisi hawamsimamishi? Kortini hapelekwi? Balozi ndiye hashtakiwi, na kweli mtoto wa balozi hapati uraia, hilo mahakama ilishalisema mwaka 1898 kwenye kesi ya Wong Kim Ark, kijana aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina, akasafiri kwenda China na aliporudi akazuiwa kuingia nchi aliyozaliwa. Alishinda, ikasemwa ni raia kwa kuzaliwa. Mawakili wa serikali wanasema wazazi wake walikuwa na makazi ya kudumu kwa hiyo kesi yake ni tofauti, na hiyo ndio hoja yao nzito, lakini ukisoma lile Rekebisho hakuna mahali limeuliza viza ya mzazi.

Majaji wa chini waliliona haraka. Jaji John Coughenour wa Seattle, aliyeteuliwa na Rais Reagan wa chama hicho hicho cha Trump, hakuchukua hata wiki, aliizuia Januari 23 akisema inavunja katiba waziwazi. Maryland, Massachusetts na New Hampshire nao wakazuia. Na hapa serikali ikafanya ujanja, ilipoenda Mahakama ya Juu haikuuliza kama amri ni halali, iliuliza kama jaji mmoja ana nguvu ya kuzuia amri ya rais nchi nzima. Juni 27, kwa kura 6 kwa 3, Jaji Amy Coney Barrett akiandika, mahakama ikasema yaelekea hana, zuio liwahusu walioshtaki tu.

Fikiria maana yake. Majimbo 22 yalikuwa yameshtaki. Minnesota imo, Texas haimo. Kwa hiyo kama mambo yangeishia hapo mtoto wa Minneapolis, Minnesota angekuwa raia na binamu yake wa Houston, Texas awe nani sijui, mama zao ni ndugu na viza zao ni zile zile. Jaji Sotomayor wa mahakama hiyo hiyo alipinga kwa nguvu na mimi niko naye kabisa. Haki ya katiba haiwezi kusubiri mama mjamzito atafute wakili kwanza.

Kilichookoa ni kesi ya pamoja. Julai 10 Jaji Joseph Laplante wa New Hampshire aliwaweka watoto wote wanaoguswa na amri kwenye kundi moja la walalamikaji, nchi nzima, akaizuia tena. Hiyo ndio kesi iliyopanda juu sasa.

Kuna hoja ya Wakenya wenzangu, ati hata Kenya kuzaliwa tu hakukupi uraia, katiba ya 2010 inaangalia mama au baba. Ni kweli. Lakini Wakenya waliliandika hilo wakalipigia kura, hakuna rais aliyeamka asubuhi akalisaini. Wakitaka kubadilisha huku njia ipo, wapate theluthi mbili za bunge lao, Congress, na robo tatu za majimbo. Halafu mtoto wa Mkenya angalau anao Ukenya wa mzazi, je yule aliyekimbia serikali ya kwao na anaomba hifadhi, aende ubalozi gani kumtafutia mtoto karatasi?

Na amri hii ya Trump ikipita, hata raia wenyewe wataguswa, kwa sababu cheti cha kuzaliwa peke yake hakitatosha tena, kila mzazi itabidi aonyeshe hali yake.

Ninapoandika haya, Desemba 2025, amri imezuiwa nchi nzima, mtoto akizaliwa ni raia. Kwa hiyo chukueni cheti, ombeni namba ya Social Security, ile ya serikali ya kumtambulisha mtu, na pasipoti mapema, msingoje uamuzi, ambao kwa kawaida ya mahakama ile utatoka kabla ya Julai 2026 kuanza au siku zake za mwanzo.