Nyaraka zikifichwa, adhabu imwangukie nani?

Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017, mjadala mwingi ulihusu hesabu ya kura. Kwangu mimi, uzito ulikuwa kwenye amri iliyokaidiwa. Agosti 28, mahakama iliiagiza Tume ya Uchaguzi, IEBC, iruhusu seva zake, yaani kompyuta zilizopokea na kuhifadhi matokeo, zikaguliwe kwa kusoma tu bila kubadilisha chochote. Tume ilitoa baadhi ya vilivyoagizwa lakini haikuzifungua seva kikamilifu, ikidai kuwa usalama wa mfumo ungehatarishwa.

Majaji wanne kati ya sita walishikilia kwamba anayeagizwa kuonyesha kilicho mikononi mwake akakataa, mahakama ina haki ya kuamini kuwa kingemwumbua. Naiunga mkono hoja hiyo. Kesi ya urais huamuliwa ndani ya siku 14, na mlalamishi hana ufunguo wa chumba cha seva. Kama kukaidi hakuna gharama, basi mwenye ushahidi atakaa kimya hadi muda uishe, na atakuwa ameshinda.

Hata hivyo, majaji Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u, waliopinga uamuzi huo, hawakukosa msingi. Tofauti ya kura iliyotangazwa ilikuwa takriban milioni 1.4, na Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ambayo msimamizi hujaza na kutia saini kituoni pamoja na mawakala wa vyama, ni karatasi ambayo haibadiliki eti tu kwa kuwa seva imefungwa. Tena waliopanga foleni Agosti 8 hawakuficha kitu, ila kura zao ndizo zilizofutwa.

Shida hiyo ipo hata katika kesi za madai za kawaida. Nchini Tanzania, Amri ya XI, ambayo ni sehemu ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, inaruhusu kesi ya mdai kutupwa, au utetezi wa mdaiwa kufutwa, kwa kukaidi amri ya kuonyesha nyaraka. Kwa mficha hati kwa makusudi, hiyo ni haki. Kwa mkulima ambaye wakili wake amepoteza faili la shamba, ni kumpokonya shamba bila kumsikiliza. Ndiyo maana hakimu hana budi kwanza kuuliza kama nyaraka zilikuwa mikononi mwa mhusika, na kama zinagusa kiini cha mgogoro. Mwaka 2017 majibu yote mawili yalikuwa ndiyo, kwa kuwa mzozo wenyewe ulihusu namna matokeo yalivyopeperushwa. Lakini gharama ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26 ilibebwa na walipa kodi, ilhali amri ya ukaguzi ingeweza kumtaja kwa cheo afisa mwenye funguo, na kumtaka aeleze kwa kiapo kwa nini hakufungua.