Watatu Aliowataja Mtoto

Wiki iliyopita nilikaa pembeni ya meza, afisa wa ustawi wa jamii akimuuliza mtoto tunayemlea kwa kambo, si wetu wa kuzaa bali aliyeletwa kwetu kutoka makao ya watoto: “Taja watu watatu walio karibu nawe.” Ana miaka tisa na huu ni mwaka wake wa pili kwetu. Akafikiri, akamtaja mpishi wa makao alikotoka. Kisha kaka yake, aliyepelekwa kwa familia nyingine. Wa tatu, msichana waliyekuwa wakilala kitanda kimoja. Mimi na mume wangu hatukuwemo. Afisa akaandika, “Uhusiano na walezi: dhaifu,” akafunua ukurasa.

Sikuumia kwa kutotajwa. Niliumia kwa lile neno “dhaifu”. Jioni nilipomuuliza mtoto kwa upole, alinijibu, “Nyie si mpo hapa?” Alikuwa amewataja aliowakosa. Dodoso lilipima hamu, likaandika udhaifu.

Wanasosholojia wanaujua mtego huu. Marekani, mwaka 1985 na tena 2004, utafiti mmoja mkubwa wa kitaifa uliwauliza watu wazima wanazungumza na nani mambo yao mazito. Wastani ukashuka kutoka karibu watu watatu hadi wawili, na wengi wakalia kwamba taifa limekuwa la wapweke. Baadaye mwanasosholojia Claude Fischer akazitilia shaka takwimu zenyewe, na wengine wakaonyesha kwamba idadi ya majina ilitegemea pia nani anauliza: kuna wahojaji waliopata majina machache mno kuliko wenzao. Ikiwa mtu mzima anapunguza majina kwa sababu ya anayemhoji, mtoto wa miaka tisa mbele ya mgeni mwenye kalamu atajibuje?

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba bila takwimu tungekuwa bado tunabishana kama watoto wakae makao au kwenye familia. Kule Bucharest, mji mkuu wa Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye makao, nusu wakapangiwa kwa bahati nasibu familia za kambo, nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili, hasa waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Lakini tazameni walivyoupima uhusiano. Hawakumpa mtoto fomu. Walimtazama akiwa na mlezi wake: anamkimbilia nani akiogopa, anatulia mikononi mwa nani. Hiyo ni kazi ya uangalifu, ya watu waliofunzwa, na ndiyo maana naiamini. Yule afisa alikaa kwetu dakika ishirini. Simlaumu, ana watoto wengi wa kuwatembelea. Naulaumu mpango unaochukua jibu la dakika ishirini na kuliita kipimo cha mapenzi, kisha kulitumia kuamua kama mtoto ahamishwe tena.

Maana kila anapohamishwa, kamba zinakatwa. Ripoti zinatuambia watoto wangapi wamepata familia. Nataka zituambie pia kila mmoja amehamishwa mara ngapi, na wangapi wanaongea na ndugu zao. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi ndugu wasitenganishwe bila sababu nzito, na wakitenganishwa wasaidiwe kuwasiliana. Hata yule mpishi ana thamani: tangu 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba watu wengi hupata habari za kazi kupitia wanaofahamiana nao kwa mbali. Mtoto huyu atafika miaka kumi na minane. Atamgeukia nani?

Nimeshaomba mara mbili namba ya simu ya familia anakoishi kaka yake. Sijajibiwa. Kila jioni ananiuliza kama imekuja.