Nguo ya Mpira Yataka Mtu Mzima

Nilipotimiza miaka 55 nilistaafu kwa hiari, nikaondoka ofisini na zawadi ya friji, na nyumbani likanisubiri kabati lililojaa suti za kahawia na vitenge vilivyoshonwa kwa kusudi moja tu, la kuficha. Kwa zaidi ya miaka 30 fundi wangu wa Kinondoni alikuwa akiniuliza, "Mama, tulegeze kidogo?", nami nikiitikia kila mara bila kufikiri. Leo nina miaka 57, na nguo ninayoivaa kwa furaha kuliko zote ni sketi nyeusi ya lateksi, yaani mpira mtupu, inayong'aa na kunishika kuanzia kiunoni hadi chini ya magoti. Wapo wanaosema kwamba ujana umenirudia vibaya. Mimi naona kwamba hii ni nguo ya watu wazima, na kwamba vijana ndio wanaoikosea.

Sketi ya kwanza niliikuta kwenye mitumba ya Ilala, imetundikwa pamoja na makoti ya mvua kwa sababu muuzaji hakujua aiweke wapi. Hakukosea sana. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Scotland alipata hataza ya kitambaa kilichopakwa mpira, na Waingereza wakaliita koti la mvua kwa jina lake, ijapokuwa mpira wa wakati ule ulinata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hutulia, na bila ugunduzi huo nguo yangu ingegeuka gundi kabla sijafika Magomeni. Utomvu wenyewe wala si mgeni kwetu, kwani Wajerumani walipanda miti ya mpira Tanga tangu enzi zao, na shamba la Kihuhwi huko Muheza nalo ni la mpira.

Niliinunua kwa shilingi 4,000. Usiku ule niliivuta kwa nguvu kama ninavyovuta taiti, ukucha ukaingia, ikachanika ubavuni kama karatasi. Nilikaa kitandani nikalia, nami si mtu wa kulia kwa ajili ya mitumba. Nilichokililia ni kwamba kwa sekunde chache, kabla haijachanika, nilikuwa nimejiona kwenye kioo na nikapenda nilichokiona.

Baadaye nilijifunza kwamba nguo hii ina adabu zake. Mwili hupakwa poda kwanza, kucha hukatwa, pete za shaba huvuliwa kwa sababu shaba huacha madoa yasiyotoka, na mafuta ya nazi, ambayo sisi wanawake wa Pwani hatuwezi kuishi bila hayo, hayapaswi hata kuikaribia kwani huuoza mpira. Hufuliwa kwa mkono katika maji ya uvuguvugu na sabuni laini, hukaushwa kivulini, kisha hutunzwa mahali penye giza kwa kuwa jua huila taratibu. Fundi wangu alipojitolea kuishona ile sehemu iliyochanika ilinibidi nimzuie: maungio ya lateksi hugandishwa kwa gundi, maana kila tundu la sindano ni mwanzo wa mpasuko mwingine. Sasa niambie, ni kijana gani mwenye haraka ya kuwahi sherehe Mikocheni atakayekubali kukaa nusu saa akijipaka poda na kuipandisha nguo inchi kwa inchi? Subira hiyo sikuwa nayo nilipokuwa na miaka 25.

Sketi ya pili niliagiza nje ya nchi, ikatengenezwa kwa vipimo vyangu, na hapo ndipo mambo yalipobadilika kweli. Mtengenezaji alitaka vipimo vingi, vya kiuno, nyonga, mapaja na magoti, na akaonya kwamba anayejipunguzia sentimita hata mbili atajuta mwenyewe. Nilimwita binti wa dada yangu aje na futikamba. Alipofika kiunoni akanong'ona, "Mama mdogo, 104," kana kwamba anatoa taarifa ya msiba, nami nikamwambia aandike 104. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwachia fundi aseme uongo kwa niaba yangu, na siku ile namba ilitajwa chumbani kwangu, ikaandikwa, wala paa halikuanguka.

Sisemi kwamba nguo hii ni ya kila mahali. Haipitishi hewa, kwa hiyo kwa joto la Januari ni adhabu. Mimi huivaa jioni za Julai na Agosti, chini ya blauzi ya pamba iliyopwaya, na siiingizi kwenye daladala. Msibani sivai. Ambaye mwili wake hukataa glavu za mpira asiijaribu kabisa. Na najua kwamba wengi wakisikia neno lateksi huwaza mambo ya chumbani. Sibishani nao, ila kanga pia ina kazi zake za chumbani na hakuna anayeona haya kuivaa sokoni.

Kanga, kwa kweli, ndiyo jibu langu kwa wanaoniuliza kwa nini mwanamke wa Kiswahili ajieleze kwa mpira. Sisi tumezoea kusema kwa nguo, tukimchagulia jirani au wifi maneno yatakayomfika bila sisi kufungua kinywa. Tofauti ni kwamba maneno ya kanga huelekezwa kwa mwingine, na sketi yangu haina neno hata moja. Nikiivaa ni mimi ninayejisikia.

Mzigo wa heshima hata hivyo haukuanza na mimi. Oktoba 1968, mwaka niliozaliwa, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 minisketi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku hapa Dar es Salaam. Kabla hata ya tarehe hiyo kufika, wasichana walikuwa wakishushwa kwenye mabasi Kariakoo na kuzomewa. Mama yangu alikuwa na minisketi moja ya kijani. Hakungoja kushushwa, aliichana akaigeuza foronya, na foronya hiyo nimeilalia utotoni bila kujua ilikuwa nini.

Mwezi wa Agosti nilikwenda kumwamkia nikiwa na sketi yangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanitazama kuanzia chini kwenda juu, kisha akaupitisha mkono wake polepole juu ya goti langu kama anayepima kitambaa dukani.

"Hii," akasema, "hata wakija, haifai foronya."