Binadamu alianzia Kenya kweli? Tuangalie pande zote mbili

Hapa Nairobi stori ya asili ya binadamu ikianza tu lazima mtu aseme sisi ndo chanzo, mtu wa kwanza alikuwa wa Turkana, kwisha maneno. Naelewa kwa nini tunasema hivyo na hata mi hufurahi kuisikia, lakini hapo kuna mambo mawili tunayachanganya na ukiyatenganisha mjadala wenyewe unakuwa mtamu zaidi.

Yule kijana wa Turkana, ambaye mabaki yake yaligunduliwa na Kamoya Kimeu kule Nariokotome mwaka 1984, hakuwa binadamu wa aina yetu. Ni Homo erectus wa kama miaka milioni 1.5 iliyopita, kutoka shingo kushuka alikaribia kufanana na sisi na alitembea vizuri kabisa kwa miguu miwili, ila ubongo wake ulikuwa mdogo sana ukilinganisha na wetu. Ni wa ukoo, sawa. Lakini Homo sapiens yaani mimi na wewe tumekuja juzi tu, miaka laki tatu hivi. Kwa hivyo swali linalowagawanya wanasayansi saa hii ni lingine: huyu sapiens alitokea mahali pamoja Afrika alafu akasambaa, ama alijengeka polepole bara zima watu wakiachana, wakikutana tena na kuzaana?

Kuhusu kama ni Afrika ama nje sitakaa sana hapo. Kulikuwa na wataalamu kama Milford Wolpoff wa Marekani walioshikilia kwamba sapiens alijengeka Afrika, Asia na Ulaya kwa wakati mmoja, vizazi vikichanganyikana, lakini DNA ilionyesha sehemu kubwa kabisa ya damu ya kila mtu duniani imetoka Afrika. Haki yake apewe kwa jambo moja, kuchanganyikana kulikuwepo: mwaka 2010 timu ya Svante Pääbo, mtaalamu wa DNA ya kale, ilionyesha watu wa asili ya nje ya Afrika wana kiasi kidogo cha DNA ya Neanderthal, wale jamaa zetu wa kale wa Ulaya na Asia waliotoweka, kama asilimia 1 mpaka 2 hivi kwa makadirio ya siku hizi.

Sasa wanaosema ni mahali pamoja wana hoja nzito, tusiwadharau. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walifuatilia DNA ya mitokondria, ile tunayorithi kwa mama peke yake, wakafika kwa mwanamke mmoja aliyeishi Afrika kama miaka 200,000 iliyopita. Alafu mifupa nayo ikaja kushuhudia, Omo Kibish kusini mwa Ethiopia, si mbali na mpaka wetu, timu ya Richard Leakey ilipata mabaki ya sapiens 1967, kwa muda mrefu yakahesabiwa kuwa ya miaka 195,000 na mwaka 2022 majivu ya volkeno yaliyo juu yake yakayasukuma nyuma mpaka kama 230,000. Ukiweka hayo pamoja Afrika Mashariki inaonekana ndo nyumbani.

Shida yangu na hoja ya mitokondria ni hii. Fikiria shosho zako wawili, mzaa mama na mzaa baba, wote ni wako na wote umerithi kwao, lakini mitokondria imekufikia kwa yule mzaa mama tu, huyo mwingine kwa hesabu hiyo ni kama hakuwahi kuwepo. Ukirudi vizazi elfu nyuma wangapi wamefutwa hivyo? Yule mwanamke wa miaka 200,000 hakuwa peke yake, aliishi na wenzake wengi na tumerithi jeni kutoka kwa wengi wao pia. Ndo maana ule utafiti wa 2019 uliotumia mitokondria kusema chimbuko letu ni kaskazini mwa Botswana ulipingwa vikali na wataalamu wengine, mstari mmoja wa ukoo hauwezi kukuonyesha kijiji cha kila mtu.

Upande wa pili ulipata nguvu sana mwaka 2017 mifupa ya Jebel Irhoud, Morocco, ilipotangazwa kuwa na umri wa kama miaka 300,000. Morocco! Huko mbali kabisa na Bonde la Ufa. Uso unafanana na wetu ila fuvu nyuma bado ni refu, halijawa la mviringo. Kusini nako kuna fuvu la Florisbad la kama miaka 260,000. Alafu mwaka 2023 ukaja uchambuzi wa jeni za watu wa sasa wakiwemo Wanama wa kusini mwa Afrika, ukaonyesha kwamba maelezo yanayolingana vizuri na data ni makundi angalau mawili yaliyoishi Afrika kwa mamia ya maelfu ya miaka yakiendelea kuzaana.

Wapinzani wanajibu kwamba fuvu refu vile si la sapiens kamili na kwamba hizo hesabu za jeni zinategemea vile umeunda modeli yako, na hapo wako na pointi. Lakini kuna kitu wanakipita haraka: Bonde la Ufa lina mifupa mingi kwa sababu lina volkeno na mmomonyoko, majivu yanafunika mabaki na kuyapa tarehe, maji yanakuja kuyafukua. Kwenye misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi udongo una asidi, mfupa unaoza unaisha. Kutopata mifupa Kongo si ushahidi kwamba Kongo hakukuwa na watu. Na mfupa ukipatikana unashangaza, kama fuvu la Iwo Eleru, Nigeria, ambalo ni la miaka kama 13,000 tu lakini umbo lake ni la kizamani sana.

Hata ushahidi wa hapa kwetu mi naona unaegemea upande huo wa pili. Chukua barabara ya Magadi mpaka Olorgesailie, pale watafiti wa makavazi ya Smithsonian ya Marekani na wa Makavazi ya Kitaifa walipata zana za miaka 320,000 hivi, zingine za obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno, na mawe hayo yalitoka sehemu tofauti tofauti, mengine mpaka kilomita 90. Watu waliofanya hivyo walikuwa na uhusiano na watu wa mbali. Ila lazima niseme hakuna mfupa uliopatikana na hizo zana, kwa hivyo aliyezitengeneza hatumjui kwa sura. Na Panga ya Saidi kule Kilifi, mtoto wa miaka kama mitatu alizikwa pangoni miaka 78,000 iliyopita, amelazwa kwa ubavu kwa uangalifu, na hiyo ni Pwani, si Turkana.

Kwa hivyo mi niko na wale wa bara zima, na Kenya iko ndani yake kikamilifu bila kuhitaji kuwa peke yake. Kinachoweza kunirudisha upande wa mahali pamoja ni DNA ya zamani sana kutoka Afrika yenyewe, na hapo joto letu ndo kikwazo, linaiharibu, ya zamani zaidi iliyosomwa kusini mwa Sahara haijafika hata miaka 25,000. Siku mtu akisoma ya miaka 200,000, iwe ya Omo ama ya Florisbad, nitaangalia upya.