Chokaa, jamani, si saruji

Wiki iliyopita nilirudi Périgord, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwenye nyumba kongwe ya shamba nilikowahi kupika msimu mmoja. Wenyewe wapya wanaikarabati wapokee wageni wa kujifunza mapishi na kupumzisha mwili. Nikaingia jikoni, nikashika ukuta ulio kando ya tanuri la mkate. Umeloa. Nikakwaruza kwa ukucha, lipu ikabanduka na uso wa jiwe ukaja nayo kama unga. Moyo uliniuma.

Wamepiga saruji.

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe jambo hili hatukufundishwa darasani. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini, kisha huutoa nje taratibu. Nyumba zile za Ufaransa nazo ni mawe, udongo na chokaa, na msingi wake hauna kitu cha kuzuia maji. Ukizivika saruji, maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda. Yanaleta ukungu, yanafika kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, na boriti zinaoza kimyakimya huku lipu inang'aa. Marehemu bibi akimwona fundi mlangoni na mfuko wa saruji alikuwa akimwambia, "Mwanangu, nyumba yangu haijafa, usiizike."

Haya, chokaa ina kazi. Inakomaa polepole, haipatani na baridi ya kugandisha, na mafundi wake ni ghali. Wenye nyumba wana mkopo na wageni wa mwezi wa Sita. Lakini mtu aliyefuata afya utamlazaje kwenye ukungu? Bwawa la kuogelea lingengoja.

Na tanuri, nasikia, litazibwa yakae makabati. Tanuri lile! Tulikuwa tunawasha kuni alfajiri, tunakokoa makaa, mikate inaingia. Jioni joto lililobaki linaivisha chungu cha maharage bila kijiti kingine. Mlo wa Kifaransa uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2010, na mgeni wa mapishi atajifunza nini kikubwa kuliko moto ule?

Nimewaomba wabandue ukuta mmoja tu, ule wa tanuri, waupe kiangazi kizima ukauke, kisha wampe mwashi wa chokaa. Bado hawajanijibu.