Leso ya Kusomwa kwenye Kioo

Shangazi alizikataa katakata leso za Biashara Street. "Hizo kila mwanamke Mombasa anazo," akasema. Harusi ya mwanawe ilitaka leso yake: pindo la maua, korosho mbili kubwa kwenye mji, yaani katikati, na chini yake jina, yale maneno ya leso, alilolitunga mwenyewe, mizani nane kwa nane:

MGENI KULA USHIBE, YA JIKONI YA WAPISHI

Lilimlenga jirani mmoja mdaku. Kutafuta fundi nikatwikwa mimi, eti ndiye msomi.

Nikampata kijana anayechapa fulana za kampeni. Mchoro hutolewa kwenye plastiki, plastiki ikalazwa juu ya skrini ya wavu iliyopakwa dawa, ikapigwa mwanga, kisha rangi ikavutwa kwa mpira. Plastiki yetu aliilaza kifudifudi. Korosho haikujali, igeuze utakavyo, ni korosho. Maua nayo yakanyamaza. Shairi ndilo lililotoka linatembea kinyumenyume kama kaa, doti 20 nzima.

"Lakini dada, rangi si zimekaa?" fundi akaniuliza.

Rangi, haki yake tumpe, zilikaa.

Shangazi aliitandaza moja kitandani, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule, akaketi. Aliyetuokoa ni Nyanya. Yeye bado ana leso ya mamake yenye jina la herufi za Kiarabu, kwa hiyo alivaa miwani, akaanzia kulia, akasoma mpaka mwisho bila kugugumia. "Mbona imenyooka? Nyinyi ndio hamjui kusoma."

Harusi ilikuwa kesho yake. Zikavaliwa.

Na kweli hakuna aliyeelewa kitu, jirani mdaku akiwemo. Alikula, akashiba, akatusifu kwa "maandishi ya kisasa". Mpaka msichana wa upande wa bwana harusi alipoinua simu kujipiga picha na Shangazi. Kamera ya mbele hugeuza kama kioo. Shairi likasimama wima kwenye simu, herufi kwa herufi, na nyuma yake wakwe wote wameshika sahani za biriani.

Biriani ikapoa mikononi.

Mamake bwana harusi akanijia polepole, akanivuta pembeni. Nikajitayarisha kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Alichotaka ni namba ya fundi. Jibu lake keshalitunga, litavaliwa siku ya kupeleka mwali, na alisisitiza fundi ailaze ile plastiki vilevile.