Eneobunge la Wakubwa

Ukiishi Lang'ata, eneobunge letu la Nairobi, uchaguzi una sauti yake, na sauti hiyo ni king'ora. Mwaka wa 2013, 2017 na 2022 kura za urais za nchi nzima zililetwa ukumbi wa Bomas kujumlishwa, na Bomas iko kwetu. Mtu wa Turkana akishapiga kura anaenda zake nyumbani. Wa Kwale vivyo hivyo. Sisi tunakaa ndani ya matatu tukitazama magari ya wakubwa yakipita upande usio wake, polisi ameziba njia, na makanga anatuuliza kwa upole ambao si kawaida yake kama kuna anayetaka kushuka atembee. Nauli harudishi. Wengine wanapata rais, sisi tunapata malengelenge.

Na si Bomas peke yake. Kila kitu cha taifa kinachotafuta mahali pa kukaa huletwa Lang'ata. Mbuga ya wanyama tumekuwa nayo tangu 1946. Uwanja wa ndege wa Wilson, kwetu. Kambi ya jeshi, kwetu. Gereza la wanawake, kwetu. Makaburi ya jiji, ambayo yalitangazwa kujaa zamani na bado watu wanaingia tu, kwetu pia, na kwa jinsi daftari la wapiga kura la nchi hii lilivyo, sitaki kuuliza maswali mengi kuhusu hao waliolala pale. Hata simba hutoroka mbugani akaja kuzunguka mitaani usiku. Hana kadi ya kura, lakini anazijua njia zetu kuliko wagombea wengi niliowaona.

Sasa mahali kama hapa, wabunge nao wanakuja saizi hiyohiyo. Mjomba wangu kijijini ana mbunge wa kawaida. Mbunge wake huja matangani, hukaa kwenye kiti cha plastiki, hutoa mchango, halafu hulazimishwa kuongeza. Ana namba yake ya simu! Akipiga, inashikwa! Mimi mbunge wangu nimekuwa nikimsoma gazetini maisha yangu yote.

Tuanzie 1974. Lang'ata ilimchagua Mwangi Mathai. Katika kampeni zile watu waliahidiwa kazi, kama kawaida. Ajabu ni kwamba mke wake, Wangari, aliichukua ahadi kwa uzito. Akaanzisha kampuni ya kuwaajiri watu kupanda miti na kutunza bustani. Kampuni yenyewe haikudumu, lakini lile wazo la miche hakuliacha, na 1977 likawa Green Belt Movement. Mwaka wa 2004 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwa hivyo mtu asiniambie ahadi za kampeni hazizai matunda. Ya kwetu ilizaa mamilioni ya miti, mingi ikiwa katika maeneobunge ya watu wengine.

Mwaka wa 1979 tukabadilisha. Tukamchagua Philip Leakey. Ndiyo, wale Leakey wa mafuvu ya kale, mtoto wa Louis na Mary. Miaka 16 baada ya uhuru, eneobunge lenye Kibera ndani yake linapeleka Mzungu bungeni, na hakuna aliyelazimishwa. Akarudi 1983. Akarudi 1988, mwaka ule wa mlolongo, ambao lazima niusimulie kidogo kwa sababu vijana hudhani tunatunga.

Mlolongo ulikuwa hivi: kwenye mchujo wa KANU, na chama kilikuwa hicho kimoja, hukupewa karatasi wala kisanduku. Ulienda ukasimama nyuma ya wakala wa mgombea wako, juani, mchana kweupe, ukionwa na chifu, mwenye nyumba wako na mtu uliyemkopa. Mgombea akipata zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga foleni, basi amepita bila kupingwa, hakuna haja ya kura ya siri. Sehemu kadhaa za nchi foleni fupi ilitangazwa ndefu na watu wakiwa bado wamesimama pale, wanaiona. Mimi foleni pekee ninayoiamini tangu hapo ni ya maji, maana mtungi haudanganyi.

Halafu ikaja 1992, vyama vingi, na Raila Odinga. Huyu, Mungu amrehemu, tulikaa naye miaka 20. Jirani yangu mmoja ana fulana zake zote, amezikunja kwenye sanduku kama hati za shamba. Ya kwanza ni ya Ford-Kenya, ina simba. Kisha akahama Ford-Kenya akaenda NDP, na kwa sheria ya wakati huo ukihama chama kiti unakiacha. Kwa hivyo 1997 tukaitwa kwenye uchaguzi mdogo, tukamrudisha kwa trekta, nembo ya NDP, na ndiyo mwanzo wa jina lake la utani, Tinga. Desemba mwaka uohuo tukaitwa tena kwa uchaguzi mkuu. Tukamrudisha tena. Mwaka mmoja, debe mara mbili, mtu yuleyule! Ukifika nyumbani mke anauliza umechagua nani, unajibu, "Wa juzi."

NDP ikaungana na KANU mapema 2002, na mtu wetu akawa katibu mkuu wa KANU, chama ambacho serikali yake ilikuwa imemweka kizuizini miaka. Kabla ya Krismasi alikuwa NARC, muungano wa upinzani. Ilipofika 2007 alikuwa ODM, nembo chungwa. Jirani anasema fulana ya KANU hakuwahi kupewa. Anasema hata angepewa, ule muda ulikuwa mfupi kuliko muda wa kuifua.

Na 2007 ndiyo tulijiona wakubwa kweli. Katiba ya zamani ilisema rais lazima awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Maana yake Raila angeweza kushinda Kenya nzima halafu sisi wa Lang'ata tumwangushe na Ikulu aikose. PNU, chama cha Rais Kibaki, ikaliona hilo, ikamleta Stanley Livondo, na kampeni ikawa moto kama vile ni nchi mbili zinapigania mpaka. Kwa wiki chache kila mtu alikumbuka tunaishi wapi. Nilisalimiwa na watu wenye walinzi! Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba, kiti tukamwachia Raila, na ghasia zilizofuata nchini hazina kichekesho. Yeye akawa Waziri Mkuu 2008. Mimi mtaro mbele ya mlango ukabaki mtaro. Utamwambiaje Waziri Mkuu kuhusu mtaro? Unaanzia wapi?

Kisha tukapasuliwa. Maeneobunge yalitoka 210 yakawa 290, na kufikia uchaguzi wa 2013 Kibra ilishakuwa kivyake. Sisi tukabaki na Karen, Mugumo-ini, South C, Nairobi West na Nyayo Highrise. Nani aliyeketi akapanga hivi? Mgombea akiwa Karen anaahidi utulivu na kulinda miti. Akifika Highrise anaahidi maji na taa. South C wanataka kujua jengo la ghorofa nyingi lililoota usiku limeruhusiwa na nani. Anahitaji hotuba tatu na viatu jozi mbili. Karatasi za kura nazo zikaongezeka kutoka tatu hadi sita, na mzee aliye mbele yako kwenye foleni lazima asome zote kama wasia.

Joash Olum wa ODM akachukua 2013. 2017 tukampa Nixon Korir wa Jubilee, na watu wa mitaa mingine wakatushangaa. Hawa ndio waliokaribia kuwa wa kawaida, nikaanza kupata matumaini ya kiti cha plastiki.

Mwaka wa 2022 tukamchagua mchekeshaji.

Simkejeli. Phelix Odiwuor, Jalang'o, aliingia kwa tiketi ya ODM akamshinda Korir, na angalau yeye amesomea kazi ya kushika maikrofoni. Februari 2023 akaonekana Ikulu na Rais Ruto, aliyekuwa mpinzani wa ODM, pamoja na wenzake kadhaa wa chama hicho, na chama kikataka kumfukuza. Kelele zikawa nyingi, kesi ikaenda mpaka kwa jopo la kuamua migogoro ya vyama. Halafu 2024 vigogo wa chama hichohicho wakaingia Baraza la Mawaziri la Ruto, na Machi 2025 Raila na Ruto wakatia saini makubaliano hadharani. Ukitazama kalenda, kosa la mbunge wetu lilikuwa moja tu: alifika kabla ya chakula kuiva.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na wagombea wameshaanza kunisalimia kwa jina ambalo si langu. Mjomba naye amepiga simu juzi. Nilidhani anataka kunicheka tena kuhusu mbunge asiyekuja matangani. Kumbe binti yake anaolewa Desemba, anauliza kama Jalang'o anaweza kuja kuwa emsii.

Nikamwambia, "Mjomba, yule sasa ni mbunge."

Akanyamaza kidogo. "Sawa. Kwa hivyo Jumamosi ana nafasi?"